Kadi ya grafiksi ya PC ya tatu inazidi kukwama kila ukiapdeti draiva, na mchana banda zima linakuwa zito: nifanyeje?

Kijana mmoja wa Lindi kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu:

"Shikamoo fundi. Nina banda la gemu hapa Lindi mjini, PC tatu, zote Dell OptiPlex 9020 zile za boksi kubwa, prosesa i5-4590, RAM 8, Windows 10, kila moja ina GTX 1050 Ti ya GB 4. Mbili nilichukua pamoja. Ya tatu kadi yake nilinunua baadae kwa mtu, haikuwa na boksi. Hii ya tatu GTA V inakwamakwama toka siku ya kwanza, nikaambiwa niapdeti draiva, nikashusha programu moja inayoapdeti draiva zote kwa mkupuo, ikala bando karibu GB 2, saivi imekuwa mbaya zaidi, skrini inakuwa nyeusi afu inarudi. Hizo mbili nazo mchana zinakuwa nzito ila usiku ziko poa. Wateja wameanza kuhama. Niapdeti zote tatu au ninunue kadi nyingine? Ya tatu nimeichomeka kwa waya wa VGA maana skrini yake ya zamani. Banda limepakana na stoo ya mzee anayeweka korosho na salfa."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa bando. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hapo una magonjwa mawili tofauti kwenye chumba kimoja, na ukiyatibu kwa dawa moja utamaliza hela na PC zitabaki vilevile. Kwanza kabisa, leo usiguse tena draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi, ya mashine yoyote. Zile mbili zinazofanya kazi usiziapdeti kabisa mpaka umalize kusoma hapa.

Kilichonistua mimi ni ile sentensi ya VGA. GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016, iko kwenye familia ya Pascal, na familia ile Nvidia waliacha kabisa kutoa picha ya analogi. Kadi ya kawaida ya 1050 Ti nyuma ina tundu la HDMI, la DisplayPort, na DVI ile ya dijitali tupu. VGA, ile ya bluu yenye pini kumi na tano, ni analogi. Kwahiyo nataka uende sasa hivi nyuma ya PC ya tatu uangalie waya umeingia wapi, maana kama hakuna adapta katikati majibu ni mawili tu na kila moja lina maana yake.

Ikiwa waya umeingia kule juu, eneo moja na matundu ya USB na ya intaneti, basi umechomeka kwenye maza bodi. Hapo picha inatokea kwa ile grafiksi ndogo ya ndani ya prosesa, Intel HD 4600, na gemu linaweza kuwa linaendeshwa na hiyohiyo huku kadi yako imekaa tu haina kazi. Hii naiona mara nyingi sana, mtu kanunua kadi, kaichomeka vizuri, kaweka draiva, waya wa skrini kauacha palepale ulipokuwa. Dawa yake ni adapta ya kutoa HDMI kwenda VGA, ile yenye kichipu ndani, ichomeke kwenye kadi, na hapo hujatumia hata MB moja.

Ikiwa waya umeingia chini, kwenye kadi yenyewe, yaani kadi yako ina tundu la VGA, basi mdogo wangu anza kushuku kwamba hiyo sio 1050 Ti.

Kadi feki za 1050 Ti zimejaa sana sokoni na zinatengenezwa hivi. Mtu anachukua kadi ya zamani, mara nyingi GTX 550 Ti ya 2011 au GTS 450 ya 2010, anaiandikia upya ile BIOS yake, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ijitambulishe kwa jina la 1050 Ti, anaifunga feni mpya na stika mpya. Windows inaamini ilichoambiwa, kwahiyo hata ukifungua Device Manager utaona jina zuri tu limeandikwa pale. Ila chipu ya ndani ni ya familia ya Fermi, ambayo draiva yake ya mwisho kwa gemu ilikuwa 391.35 ya mwaka 2018. Ili kadi ifanye kazi huyo mtu anaiwekea draiva iliyochezewa, na ikikaa hivyo inaenda, kwa kukwama lakini inaenda. Sasa ukija wewe na programu yako ya kuapdeti zote kwa mkupuo, nayo inasoma jina, inaona 1050 Ti, inashusha draiva halisi ya 1050 Ti na kuifunga juu ya chipu ambayo haiijui. Skrini nyeusi, alama ya njano na kodi 43 kwenye Device Manager, au mashine inawaka na picha mbovu mbovu. Ukiangalia hadithi yako, imekwama toka siku ya kwanza, afu imezidi baada ya kuapdeti, inafanana na hilo. Lakini sisemi ndo hivyo moja kwa moja, kwa sababu hata kadi halisi ikiwekewa draiva juu ya draiva inaweza kufanya hivyohivyo, ndo maana tunapima.

Shusha GPU-Z ya TechPowerUp, programu ya kusoma kadi ni ya aina gani, ni faili dogo la MB chache, kwa simu tu unashusha na kuihamisha kwa flashi. Anzia PC namba moja, ifungue, piga picha. Afu nenda PC ya tatu, ifungue, piga picha, weka picha mbili pembeni kwa pembeni. Kadi halisi itakuonyesha chipu GP107, nanomita 14, na shaders (vile vitengo vidogo vya kuchora ndani ya chipu) 768. Ya kughushi utaona chipu inaanza na GF, kama GF116 au GF106, nanomita 40, na shaders 192 hivi. Matoleo ya GPU-Z ya kuanzia 2018 kwa zile chipu za zamani zinazojulikana huwa yanaweka kabisa neno FAKE mbele ya jina la kadi, ila usitegemee neno hilo peke yake, soma namba.

Kwa hili we una bahati ambayo mtu mwenye PC moja hana. Una mashine tatu zinazofanana, hiyo ni maabara kamili. Ukimaliza GPU-Z, zima umeme, toa waya ukutani, hamisha kadi ya tatu uiweke kwenye PC namba moja, na kadi ya namba moja uiweke kwenye ya tatu. Ugonjwa ukihama na kadi, mgonjwa ni kadi. Ugonjwa ukibaki palepale, kadi haina kosa, tafuta kwenye Windows, paua saplai au RAM ya mashine hiyo. Jioni moja tu unakuwa umejua, bila kumpa mtu hela yoyote.

Mi hili nimejifunza kwa maumivu. Kuna mteja wa Newala alinituma kadi, nikaagiza kwa duka moja Dar, ikaja na basi mpaka hapa Mtwara, nikaiweka, inakwama. Nilikaa jioni mbili nabadilisha draiva, nimeshusha matoleo matano kwa bando la simu, kila moja mamia ya MB, nikiamini kabisa tatizo ni draiva kwa sababu jina pale linasoma sawa. Siku ya tatu nikafungua skrubu za feni nifute peisti, ile ya kupitisha joto kati ya chipu na kipozeo, nikasafisha juu ya chipu nikakuta imeandikwa GF116. Nvidia huwa wanaandika jina la chipu pale juu yake kabisa, hakuna BIOS inayoweza kubadilisha maandishi yale. Yule mteja nilimrudishia hela yake yote kutoka mfukoni maana yeye aliniamini mimi, hakuliamini duka. Toka siku hiyo kadi haiingii kwenye PC ya mtu kabla sijaifungulia GPU-Z.

Ikitokea ni feki, hakuna draiva duniani itakayoiponya. Piga picha ya GPU-Z na picha ya kadi yenyewe, mrudie aliyekuuzia mkiwa na mtu mzima mmoja wa kushuhudia, ongea naye vizuri, wengine nao waliuziwa hivyohivyo wala hawajui. Na akikataa kabisa, basi, ila usije ukamuuzia kijana mwingine wa Nachingwea au Ruangwa kama 1050 Ti. Muuzie mtu akijua ni nini.

Sasa tuseme ni halisi, GP107, shaders 768. Hapo ndo tunakuja kwenye draiva kweli.

Ile programu ya kuapdeti zote kwa mkupuo iondoe. Sijawahi kuona faida yake kwenye PC kama hizi, inakubadilishia draiva ya sauti, ya chipset, ya mtandao, vitu ambavyo havikuwa na shida yoyote, na ukija kuharibika hujui kipi kimeharibu. Draiva ya GPU, yaani chipu ya grafiksi, inatoka kwa mwenye GPU basi, Nvidia kwa Nvidia, AMD kwa AMD, Intel kwa Intel.

Afu kuna jambo ambalo watu wengi wa kadi hizi bado hawajalisikia. Nvidia walishatangaza kwamba draiva za gemu kwa familia za Maxwell, Pascal na Volta mwisho wake ulikuwa Oktoba 2025, na baada ya hapo ni viraka vya usalama tu kila robo mwaka mpaka Oktoba 2028. Tawi la mwisho kwa kadi zako ni lile la namba 580. Matoleo ya namba za mbele zaidi ya hapo hayaihusu 1050 Ti, ukilishusha litakwambia halikubaliani na kadi yako na bando limeshaenda. Kwahiyo ile tabia ya kuambiwa "apdeti draiva" kila gemu likikwama, kwako faida yake imeisha. Unatafuta draiva moja iliyotulia, unaiweka, unaiacha. Na we tayari unayo mfano: angalia PC namba moja ina toleo gani, kama usiku inacheza poa basi toleo hilohilo ndo liende kwenye ya tatu.

Lishushe mara moja tu, usiku bando likiwa rahisi, uweke kwenye flashi na uitunze, maana faili lenyewe linakaribia GB 1 na hakuna sababu ya kulishusha mara tatu kwa mashine tatu. Kwenye tovuti ya Nvidia usibonyeze kile kinachotafuta chenyewe, chagua kwa mkono: GeForce, mfululizo wa 10, GTX 1050 Ti, Windows 10 ya biti 64. Shusha pia DDU, Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva yote ya zamani, nayo ndogo.

Ukiwa na mafaili yote mawili kwenye mashine, chomoa intaneti. Hii watu wanairuka afu wanakuja kulalamika. Ukifuta draiva huku mtandao uko wazi, Windows yenyewe inakimbilia kuweka ya kwake kabla we hujaweka yako, unajikuta unafunga draiva juu ya draiva tena. Shikilia Shift huku unabonyeza Restart, ingia kwenye seif modi, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, fungua DDU, chagua GPU, chagua Nvidia, bonyeza ile ya kusafisha na kuwasha upya. Ikirudi picha itakuwa kubwa na mbaya, usiogope, weka draiva kutoka kwenye flashi, chagua ufungaji wa mwenyewe ule wa Custom, weka tiki kwenye clean installation, hizo nyongeza nyingine usipotumia ziache. Skrini itazima na kuwaka mara mbili tatu, ni kawaida, usizime mashine. Na fanya wakati umeme umetulia au una UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii mara nyingi unaanza upya, na kwenye hadi diski ya zamani unaweza kuharibu Windows nzima.

Kitu kingine, ukimaliza kuweka draiva mpya usilijaribu gemu dakika tano ukasema bado linakwama. Draiva ikibadilika ule mkusanyiko wa shaders (hapa ni vile vijiprogramu vya kuchora picha, sio zile 768 za kwenye chipu) uliokuwa umeshatayarishwa unafutwa, gemu linaanza kuutengeneza upya, kwahiyo mizunguko ya kwanza litakwamakwama hata kwenye kadi nzima kabisa. Mpe mtu acheze nusu saa, zunguka mji mzima na gari, afu ndo upime.

Na ile skrini nyeusi inayorudi. Windows ina saa yake, kadi isipojibu kwa sekunde 2 inamuua draiva na kumwamsha upya, ndo ile nyeusi unayoiona. Ukifungua Event Viewer, upande wa System, utakuta tukio namba 4101 linasema draiva ya skrini iliacha kujibu ikarudi. Ikiendelea hata baada ya DDU na kadi ni halisi, shuku joto au umeme. OptiPlex 9020 ya boksi kubwa ina paua saplai ya wati 290. 1050 Ti ya kawaida inakula wati 75 zote kutoka kwenye maza bodi, kwahiyo inatosha kabisa, ila kama hiyo kadi yako ina tundu la pini 6 na mtu alikuungia kwa adapta ya waya wa hadi diski, sema, maana hapo nitaanza kushuku tena ile ya mwanzo, 550 Ti pekee inataka wati 116.

Tuiache PC ya tatu. Hizo mbili zinazokuwa nzito mchana na kupona usiku, hapo draiva haihusiki hata kidogo. Draiva haijui saa. Kinachobadilika kati ya saa nane mchana na saa tatu usiku pale Lindi ni joto, na banda la bati lisilo na siling'i mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu kaskazi ikivuma mnajua wenyewe linavyokuwa.

Weka MSI Afterburner na ile RivaTuner inayokuja nayo, wezesha namba zionekane kwenye kona ya skrini: joto la GPU, matumizi ya GPU kwa asilimia, kasi ya GPU kwa MHz, matumizi ya prosesa, joto la prosesa, RAM iliyotumika na FPS, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Cheza palepale, mtaa uleule wa gemu, saa nane mchana na saa tatu usiku, andika kwenye daftari. Ukiona mchana joto la GPU limepanda zaidi ya 80 na kasi ya MHz inashuka taratibu huku matumizi yako 99, kadi inajipunguza yenyewe isiungue. GPU-Z nayo kwenye ukurasa wa Sensors ina mstari wa PerfCap Reason, ikiandika Thrm ndo joto hilo, haina mjadala. Prosesa ya 4590 nayo mwisho wake ni nyuzi 100, ikikaribia huko inapunguza mwendo, na watu huwa wanasahau kabisa kuiangalia maana akili yote iko kwenye kadi.

Nataka pia ujue kuzisoma hizo namba hata kwa siku nyingine, maana ndo zitakuokoa na washauri wa mtaani. GPU ikiwa 97 mpaka 99 na joto liko sawa, kadi inafanya kazi yake yote, ukitaka FPS zaidi punguza setingi. GPU ikiwa 50 au 60 na prosesa iko 100 kwenye kori zote nne, kadi inasubiri prosesa, hapo hata ukiweka kadi ya milioni hutaona mabadiliko. Zote mbili ziko chini afu gemu linakata kila baada ya sekunde kadhaa, fungua Task Manager uangalie diski, kama iko 100 umeshampata. Hujaniambia mashine zina hadi diski au SSD. Kama ni hadi diski, GTA V inasoma mji kutoka kwenye diski kadiri unavyokimbia na gari, diski ikishindwa kufuata unapata kile kigugumizi cha kila kona, na Windows ikianza kushusha apdeti zake mchana huo huo ndo inakufa kabisa. SSD haikuongezei FPS nyingi, ila kigugumizi hicho inakiondoa. Mi kwa hela ndogo ya kwanza ningenunua SSD tatu kabla ya kufikiria kadi.

RAM nayo kagua. GB 8 ya kijiti kimoja na GB 8 ya vijiti viwili vya 4 hazifanani, DDR3 ya 1600 kijiti kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili vikikaa kwenye chaneli mbili ni 25.6. Fungua mfuniko uangalie, kama ni kijiti kimoja ongeza kingine, na prosesa hiyo itashukuru.

Sasa salfa. Hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wa mikoa mingine hawana shida hii. Ule unga wakati wa kupuliza mikorosho unaelea kila mahali, na stoo ikiwa jirani unaingia mwaka mzima. Feni za PC zinavuta hewa ya chumba, kwahiyo zinauvuta na huo unga, unajishindilia kwenye yale mapezi ya kupozea pamoja na vumbi la kawaida, na salfa ikikutana na unyevu wa bahari inashambulia shaba na fedha ya kwenye maungio. Nimefungua PC ya mtu wa Mikindani yenye miaka miwili nikakuta meno ya kadi, yale ya dhahabu, yana weusi pembeni. Kadi ikikaa kwenye tundu na meno machafu inaweza kushuka ikaongea kwa njia moja badala ya kumi na sita. Hilo nalo GPU-Z inakuonyesha, kwenye Bus Interface, itaandika x16 halafu alama ya @ na njia inazotumia sasa hivi. Bonyeza kale ka alama ka kuuliza pembeni uanzishe jaribio lake kwanza, maana ikiwa imepumzika inajishusha toleo yenyewe kuokoa umeme na ukiisoma hivyo utaogopa bure. Ikisoma x1 au x4 huku imeelemewa, toa kadi, sugua meno taratibu kwa ufutio wa penseli, futa kwa spiriti safi ya isopropili, kausha, rudisha mpaka usikie kishikio kimelia.

Kusafisha, tumia blower ya umeme na brashi laini, nje ya banda sio ndani. Shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Usipeleke kwa jamaa wa pancha, najua ni karibu na ni rahisi, lakini hewa ya kompresa ile inatoka na maji na mafuta na unayapuliza moja kwa moja kwenye bodi. Wala usipulize kwa mdomo. Peisti ya prosesa badilisha, hizo Dell zimetoka kiwandani zaidi ya miaka kumi iliyopita na nyingi bado zina ileile ya kwanza, imekuwa kama chaki. Ya kadi badilisha pia ila legeza skrubu kwa kupishana, msalaba, usimalize moja ndo uende nyingine. Na ongea na huyo mzee kuhusu stoo, ikishindikana ziba ule upande wa ukuta kwa turubai, nyanyua PC zote kutoka sakafuni zikae juu ya meza, acha nafasi ya kiganja nyuma yake hewa moto itoke, na weka feni ya chumba ielekee mlangoni isiwe inazungusha joto lilelile.

Kwenye gemu lenyewe funga FPS kwenye 60, VSync, ile setingi inayolinganisha gemu na skrini, tu inatosha. Skrini zako za zamani zinaonyesha 60 hata hivyo, ukiacha kadi ikimbie kwenda 90 unazalisha joto ambalo mteja haoni faida yake. GTA V zima MSAA, ile ya kulainisha kingo za picha, shusha majani, hizo mbili zinakula sana, na uangalie ile bari ya kumbukumbu ya kadi pale kwenye setingi isivuke GB 4.

Swali lako la mwisho, kununua kadi. Kama ya tatu ni feki na unalazimika, tafuta GTX 1650 ile isiyo na waya wa umeme, ni ya 2019, wati 75, paua saplai yako inaimudu na yenyewe bado inapata draiva kamili. Usinunue RX 580 hata ukiitiwa kwa bei nzuri, inataka wati 185 na paua saplai ya 9020 ina tundu lake la kipekee, huwezi kubandika paua saplai ya kawaida bila adapta. Na usilipe kabla hujafungua GPU-Z mbele ya muuzaji, awe rafiki, awe ndugu. Windows 10 nayo Microsoft walimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na prosesa hizo haziko kwenye orodha ya Windows 11, kwahiyo kwenye PC za banda usiingize akaunti zako za hela.

Anza usiku wa leo ukishafunga banda, GPU-Z kwanza, afu kubadilishana kadi. Nitumie picha mbili za GPU-Z na zile namba za saa nane mchana za mashine namba moja na mbili. Ukiona bado unataka niiangalie mwenyewe usibebe PC nzima kwenye basi, leta kadi tu, ifunge kwenye ule mfuko wa kijivu unaozuia umeme tuli, kama huna tumia karatasi ya kaki ndani ya boksi, usiifunge kwenye nailoni.